LPA ya afya Uingereza: nimejaza na mamdogo wangu bila wakili, haya ndo maoni yangu

Nyota 4 kati ya 5. Naanza na alama kabisa ili asiye na muda ajue: huduma ya serikali ya kutengeneza LPA ya afya (Lasting Power of Attorney, hati ya kumteua mtu wa kukuamulia) kwenye gov.uk inafaa, unaweza kuijaza mwenyewe bila kumlipa mtu mamia ya pauni, na kama una mzazi au mlezi mtu mzima anaishi England au Wales tafadhali usisubiri augue ndo uanze kuhangaika nayo. Nyota moja nimeibakisha, sababu nitazisema huko mbele.

Niweke wazi kwanza ni kitu gani maana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp naona watu wanachanganya sana. LPA ni hati ya kisheria ya kumteua mtu au watu waamue kwa niaba yako siku ambayo wewe huwezi kuamua. Ziko mbili, moja ya pesa na mali, moja ya afya na matunzo, kila moja fomu yake na malipo yake. Mimi naongelea ya afya tu. Ile ya pesa inaweza kuanza kutumika hata ukiwa mzima kama umeruhusu hivyo, lakini ya afya haifanyi kazi kabisa mpaka uwe umepoteza uwezo wa kuamua jambo lenyewe, labda uko koma, umepata kiharusi, dementia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) imezidi, au homa imepanda mpaka hujui uko wapi. Ukiwa na akili zako timamu hakuna mwakilishi, yaani huyo uliyemteua, wa kukuamulia chochote, hata uamuzi wako uwe wa ajabu machoni pa watoto. Nalisema hili mapema kwa sababu wazee wengi wanakataa kusaini wakidhani ndo wameshakabidhi maisha yao, na siwalaumu, ukiambiwa saini karatasi fulani aamue matibabu yako lazima ushtuke.

Sasa jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui, na ndo lililonisukuma. Huku kuwa mke, mume au mtoto mkubwa hakukupi haki ya kumwamulia mgonjwa mtu mzima. Ile sehemu hospitali wanapoandika jina lako kama ndugu wa karibu ni kwa ajili ya kukupigia simu na kukuuliza, basi. Sheria ya mwaka 2005, Mental Capacity Act, inasema kama mgonjwa hawezi kuamua na hana LPA, daktari ndo anaamua kwa kuangalia maslahi ya mgonjwa, na anatakiwa awasikilize ndugu inapowezekana, lakini kusikilizwa na kuamua ni vitu viwili tofauti. Rafiki yangu mmoja mumewe alipigwa na kiharusi, hospitali siitaji, walimweka vizuri tu kwenye kiti wakamuuliza mzee alikuwa anapenda nini, imani yake ikoje, angetakaje, wakaandika kila kitu, kisha wakaenda wakaamua wenyewe habari ya mrija wa chakula. Yeye alikuwa anasubiri aletewe karatasi asaini kama ambavyo angefanya nyumbani. Hakuna aliyemkosea adabu, ndo sheria ilivyo, lakini yule dada aliumia kwa namna ambayo mpaka leo akiongelea sauti inabadilika. Miaka yote ya ndoa, halafu mbele ya kitanda cha mumewe maneno yake yanakuwa maoni tu.

Basi nikaenda kwa mamdogo wangu, amepita sabini, anaishi na kijana wake wa mwisho, sukari na presha anazo, akili yake kali kuliko ya kwangu. Nikamwambia mamdogo tufanye hili ukiwa mzima hivi hivi, maana ukishapoteza uwezo huwezi tena kuisaini, na hapo familia ikitaka mamlaka inabidi iende Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia, na huko ni gharama zaidi na muda zaidi, tena kwa mambo ya afya mahakama haipendi kumpa mtu mmoja mamlaka ya jumla. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Sawa mwanangu, lakini nani?"

Hapo ndo kazi ilipo na tovuti haiwezi kukufanyia. Ujazaji wenyewe ni mchana mmoja na kikombe cha chai. Kumchagua mtu ilichukua muda mrefu kuliko vyote, na huku nitakaa kidogo.

Mamdogo ana watoto watatu. Mkubwa wa kiume yuko Dar, ndo msemaji wa familia, harusi yeye, msiba yeye, posa yeye. Wa pili binti, yuko Coventry, ni nesi. Wa mwisho ndo huyo anaishi naye. Kwa mila zetu jibu lilikuwa linajulikana kabla ya swali. Na kisheria hakuna kinachomzuia kaka mkubwa, mwakilishi anaweza kuishi nje ya nchi, anachotakiwa ni awe na miaka 18 na awe na akili timamu. Ila karatasi ni lazima aisaini yeye kwa kalamu mbele ya shahidi, yaani fomu yenyewe isafiri Dar na irudi, na hilo bado ni dogo. Swali kubwa nililomuuliza mamdogo ni hili: daktari akipiga simu usiku wa manane akasema mapafu yamejaa maji tumuingize kwenye mashine au tusimwingize, nani atapokea, nani ataelewa anachoambiwa, na nani anaweza kufika wodini kabla ya asubuhi? Na kingine, nani atasema unachotaka WEWE hata kama yeye binafsi anataka kingine? Hilo la mwisho ndo gumu. Kuna mtoto anakupenda kiasi kwamba hawezi kukuachia, atakubali kila mashine na kila upasuaji kwa sababu yeye hayuko tayari. Mapenzi anayo tele, lakini kwa kazi hii hafai. Kuna mwingine ni mpole, anampenda mama, lakini daktari akiongea kwa sauti ya kujiamini anaitikia tu yes yes doctor. Huyo naye hafai. Unatafuta mtu anayeweza kumwambia konsaltanti, yaani daktari bingwa, "samahani, rudia, sijaelewa", halafu akageuka akawaambia ndugu kumi kwenye simu "mama alisema hivi na ndivyo itakavyokuwa" bila kutetereka. Familia nyingi zina mtu huyo mmoja na mara nyingi siyo wa kwanza kuzaliwa.

Mamdogo akawachagua binti na yule wa mwisho. Kaka mkubwa alimpigia mwenyewe, hakuniachia mimi wala binti, na hili nawashauri wote, habari itoke kinywani mwa mzazi. Nilikuwepo, simu ilikuwa spika. Alimwambia, "Baba, sijakunyima nafasi yako. Wewe uko mbali na huku simu ya daktari haina saa. Nimewaandikia wenzio wakusikilize." Kaka alikaa kimya, halafu akasema mama uamuzi wako ni sahihi, ila naomba wanijulishe kabla siyo baada. Na kweli tuliandika hivyo, kuna sehemu ya matakwa kwenye fomu, tukaweka kwamba inapowezekana wawakilishi waongee na kaka yao kabla ya uamuzi mkubwa.

Sehemu hiyo ya matakwa mwende nayo polepole. Kuna boksi mbili, moja ya matakwa, ambayo wawakilishi watajitahidi kuyafuata, nyingine ya maagizo, ambayo ni lazima wayafuate. Watu wanajaza maagizo kwa hasira, "nisipelekwe kamwe nyumba ya wazee", halafu siku mzee anahitaji uangalizi wa saa 24 na nyumba ina ngazi tatu, mikono ya watoto imefungwa. Na agizo likiandikwa vibaya linaweza kukwamisha usajili wenyewe. Sisi boksi ya maagizo tuliiacha tupu kabisa. Kwenye matakwa akaweka chakula halali, kuogeshwa na mwanamke, kusomewa Quran akiwa mahututi, na kwamba angependa kubaki nyumbani kadiri inavyowezekana. Hayo mambo ya kuogeshwa na chakula msiyaone madogo, LPA ya afya inagusa pia maisha ya kila siku, unaishi wapi, unakula nini, unavishwa nini, siyo upasuaji tu.

Kuna swali la wawakilishi wafanye kazi vipi kama ni zaidi ya mmoja. Ukichagua wakubaliane wote kwa kila jambo, inasikika vizuri, ya kifamilia, lakini mmoja akiwa kwenye ndege au zamu ya usiku simu imezimwa basi mwingine hawezi kufanya lolote, na mmoja akifariki au akijitoa uteuzi wote unaanguka, labda uwe uliweka wa akiba. Ukichagua wanaweza pamoja na pia kila mmoja peke yake, yeyote anayepatikana anaamua. Mimi naona kwa familia nyingi hili la pili ndo lenye maana, na kama huwaamini kiasi cha kumwachia mmoja wao peke yake basi tatizo ni nani umemchagua. Wa akiba naye haingii kwa sababu tu wa kwanza hapokei simu, anaingia wa kwanza akiwa ametoka kabisa. Na kama umemteua mumeo au mkeo, mkiachana kwa talaka ya kisheria uteuzi wake unakufa, isipokuwa uwe umeandika vinginevyo, kwa hiyo bila mwakilishi wa pili unarudi sifuri.

Sehemu namba 5 ndo ilitutoa jasho. Inakuuliza kuhusu matibabu ya kuokoa uhai, na unasaini A au B, moja tu, mbele ya shahidi. A ni kwamba wawakilishi wako wana mamlaka ya kukubali au kukataa matibabu hayo kwa niaba yako. B ni kwamba hawana, watabaki madaktari. Mamdogo aliposomewa mara ya kwanza alisema, "Astaghfirullah, hii A si ndo kuwaruhusu wanizime?" Na naelewa kabisa kwa nini alisikia hivyo, maelezo yalivyo mtu anaweza kudhani A ni kukubali kufa na B ni kukubali kuishi. Sivyo. Swali ni nani mwenye kauli, basi. Ukisaini B haimaanishi utatibiwa mpaka mwisho, maana daktari anaweza kuona matibabu hayana faida tena akayasimamisha, na watoto watasikilizwa tu kama yule rafiki yangu. Na ukisaini A bado mwakilishi anabanwa na maslahi yako, wala hawezi kumlazimisha daktari atoe tiba ambayo daktari anaona haikufai. Mamdogo akaomba muda, akaongea na shehe wake, akaongea na binti faragha, sijui walisema nini, aliporudi akasaini A. Mtu mwingine atasaini B kwa sababu hataki kumbebesha mwanae mzigo huo, na hiyo nayo naiheshimu kabisa. Ila asisaini kabla hajaelewa.

Halafu mthibitishaji. Huyu ni mtu wa nje anayesaini kwamba ameongea na mwenye hati, anaelewa anachofanya, na hakuna anayemshinikiza. Awe rafiki anayemfahamu kwa angalau miaka 2, au mtaalamu kama daktari, wakili, ofisa ustawi wa jamii. Asiwe ndugu, asiwe mwakilishi wala ndugu wa mwakilishi, wala mfanyakazi wa nyumba ya wazee anayoishi. Imamu au mchungaji anayemjua kwa muda huo anafaa kabisa, na mara nyingi hatataka hela, wakati baadhi ya GP (daktari wa mtaani kwako) wanachaji. Nawaomba sana, kama mzee wako Kiingereza kinampiga chenga, mkalimani wa mazungumzo hayo asiwe mtoto aliyeteuliwa, hata kama ni mwaminifu vipi. Maana yote ya hatua hii ni mzee aongee bila watoto masikioni. Sisi tulimpata jirani wa zamani, Mkenya, wanaongea Kiswahili tupu, tukawaachia sebule tukaenda jikoni.

Na nyie mnaofanya kazi za kea, najua mpo wengi, mteja akikuomba uwe mwakilishi wake kwa sababu wanae hawaji kumwona, moyo utakuuma lakini kataa kwa upole na umwambie meneja. Mtunzaji anayelipwa hatakiwi kuwa mwakilishi, na wewe kazi yako itaingia matatani.

Mpangilio wa saini ni kitu cha kukodolea macho. Sehemu ya 5 na ya 9 anasaini mwenye hati kwanza, kisha mthibitishaji sehemu ya 10, kisha wawakilishi sehemu ya 11. Mwakilishi akisaini kabla ya mthibitishaji, hati inarudishwa. Shahidi wa mwenye hati asiwe mwakilishi. Tarehe ziandikwe zote, kila saini na yake. Sisi tuliweka karatasi za rangi kwenye kila ukurasa zenye namba ya nani anafuata. Mzee asiyeweza kusaini wala kuweka alama naye anahesabika, ipo karatasi ya nyongeza namba 3, mtu anasaini kwa niaba yake, mbele yake na mbele ya mashahidi wawili. Kwa hiyo msimwambie bibi kwamba kwa sababu hajui kusoma hii siyo yake.

Malipo ni ya usajili, kujaza ni bure. Kwa miaka mingi ilikuwa pauni 82 kwa hati, Novemba 2025 ikapanda mpaka 92. Mwenye kipato chini ya pauni 12,000 kwa mwaka anaomba alipe nusu, na anayepata baadhi ya misaada, mfano Pension Credit ile ya guarantee, anaweza kusamehewa yote. Kinachoangaliwa ni kipato cha mwenye hati, siyo cha mtoto anayemlipia. Kuna kampuni zinajitangaza Facebook zinachaji mamia kukujazia fomu hii hii, na usajili unalipa juu yake. Kama familia ina ugomvi mkubwa, au ndugu wanaanza kusema mama hana akili sawa, hapo nitakuambia lipa wakili. Kama sivyo, sioni sababu.

Nyota niliyobakisha sasa. Unajaza onlaini halafu unaambiwa printi, saini kwa mkono, tuma kwa posta. Kwa kizazi cha mamdogo hilo halina shida, lakini kwa familia iliyotawanyika miji mitatu ni mzunguko mkubwa. Kusubiri kupo pia, kisheria kuna wiki 4 za kuacha mwanya wa pingamizi, na kwa ujumla wanasema wiki 8 mpaka 10 kama hakuna kosa, baada ya Korona ilikuwa inafika 20. Na lugha, fomu ziko kwa Kiingereza na Kiwelisi. Kiswahili hamna. Mambo ya uhai na kifo, mzee anasomewa kwa lugha ambayo anaijua ya sokoni na ya kliniki. Hilo kwangu ni zito kuliko posta.

Vitu viwili ambavyo naona watu wanadhani vimo na havimo. Hati inaishia mwenye nayo anapofariki, dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo habari ya kusafirisha mwili Tanga au kuzikwa hapa, nani anashika pesa za msiba, haimo, andika wosia. Cha pili, hii ni ya England na Wales. Scotland wana sheria yao na fomu yao, na mzee akienda likizo nyumbani akaugua Muhimbili au Mombasa usitegemee karatasi ya Birmingham iwe na nguvu kule.

Ikirudi imepigwa muhuri, usiifungie kabatini. Tulipeleka kopi kwa GP wakaiweka kwenye rekodi zake, binti ana yake, kijana ana yake, na mamdogo anatembea na kikaratasi kwenye pochi chenye namba za wote wawili. Kaka wa Dar alitumiwa picha za kila ukurasa. Mwenye kukwama kwenye fomu apige 0300 456 0300, ndo simu ya Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizi, na kama swali ni kuhusu sehemu ya 5 niulizeni hapa hapa, nitajibu kwa Kiswahili.